Miaka mitatu nimepanda miti ya matunda kuvuta ndege, ndege hawaji. Nakosea wapi?

#1 Kibarazani
Wakuu habari, niende moja kwa moja. Uwani kwangu kuna eneo kama hatua ishirini kwa kumi na tano. Nilipohamia nikasema huku sipandi bustani ya kula mimi, napanda ya ndege, maana mi ni mtu wa kukaa nyuma ya nyumba asubuhi nisikilize sauti. Basi nikaweka mipera miwili, mpapai, mforosadi mmoja (wengine mnauita malberi), mwembe wa kubebesha, na mwaka jana nikaongeza mzambarau ambao bado mtoto. Huu mwaka wa tatu. Mapera yanazaa mpaka yanaoza chini, mwembe umeanza, papai zipo. Ndege ninaowapata ni shomoro wa kuokota makombo na kunguru mmoja ambaye nahisi ananichunguza. Usiku ndo kuna sherehe, asubuhi nakuta mapera yameliwa nusu. Jirani wa pili hana hata mti mmoja wa matunda ya kueleweka, ana kichaka tu, na ndege wamejaa kwake. Nakosea wapi? Ni aina ya miti, ni muda, au ndege wameniwekea kinyongo?

#2 Kijiti
Ndege walikaa kikao wakakuta hakuna posho. Endelea kusubiri mkuu.

#3 MpandaMiche
Kabla hatujaenda mbali, huo mforosadi ushawahi kuzaa hata tunda moja? Maana kwenye orodha yako huo ndo mti wa ndege kwelikweli, hiyo mingine ni matunda ya binadamu ambayo ndege anaonja tu.

#4 Kibarazani
Hata moja. Unatoa maua kama viwavi vidogo vinaning'inia, ukivigusa vinatoa vumbi, vinadondoka, basi. Nilipewa mche ulioota wenyewe chini ya mti wa mtu.

#5 MpandaMiche
Pole, hilo dume. Miforosadi mingi ina jinsia kama mipapai, kuna mti wa kiume na wa kike, na mche wa mbegu ni bahati nasibu. Ua la kike linaonekana kama katunda ka kijani kenye nywele nyeupe juu, ukiona vumbi linaruka hilo la kiume. Usipande mbegu. Kata kipande cha tawi kwenye mti ambao umeuona kwa macho yako unazaa, unene wa penseli, urefu wa shibiri, vua majani ya chini, chomeka. Kitakua na jinsia ya mama yake. Changu kilizaa kikiwa hakijanifika kiunoni. Alafu mti ukishakua ukiupogoa na kuvua majani unachipua upya na yale machipukizi yanatoka na matunda, kwahiyo unaweza kuugawa, leo upande huu mwezi ujao upande ule, ndege hawakosi kitu.

#6 Bi Shungi
#5 upo sawa ila umeharakisha. Kuna miforosadi yenye maua ya aina zote mbili kwenye mti mmoja na kuna inayobadilika ukubwani. Wa kwangu ulikua dume miaka minne, nikauchukia, nikaenda kuazima shoka, mwenye shoka akawa amesafiri nalo. Msimu uliofuata tawi moja la upande wa ukuta likazaa. Sasa hivi karibu nusu ya mti inazaa. Asiukate kwanza.

#7 Kijiti
Kwahiyo ushauri ni kuazima shoka kwa mtu anayesafiri sana. Nimeandika.

#8 ZamuYaUsiku
Mkuu hapo kwenye usiku hujajibiwa. Okota pera lililoliwa uliangalie kwa karibu, usiishie kusema limeliwa nusu. Ndege anadonoa, utakuta kishimo chenye kingo za vipande vipande na ganda limebaki kama kikombe, kwenye papai ndo utaona vizuri, linatobolewa likiwa juu mtini, linaliwa kwa ndani mpaka linabaki kama ngoma. Panya anaacha michirizi ya meno mawili mawili sambamba. Popo mara nyingi hali hapohapo, anabeba tunda anaenda kuning'inia pengine, anatafuna, anafyonza maji yake, makapi anatema, utakuta vidonge vya nyuzi vimebanwa kama mtu aliyetafuna muwa. Nenda kaangalie chini ya mti wenye giza zaidi alafu urudi.

#9 Kibarazani
Nimerudi. Chini ya mwembe nimehesabu vidonge kumi na tano, vingine bado vibichi, kimoja kina mistari ya kaakaa lake kabisa, yani mnyama ameniachia muhuri. Na mapera mawili yana ile michirizi. Kumbe miaka mitatu nafuga popo na panya.

#10 MzeeWaWavu
Popo ndo wanakumalizia, ndege anaamka anakuta meza imeshafutwa. Funika na wavu jioni, toa asubuhi, wiki tatu tu utaona tofauti.

#11 Dada Nuru
Wavu hapana jamani. Nilifunika mpera na ule wa matundu makubwa, asubuhi nikakuta shore amenasa bawa na shingo. Nilikata nyuzi kwa mkasi wa kucha karibu nusu saa huku ananidonoa vidole, mwisho akaruka lakini bawa moja lilikua limelegea, sikujua aliishia wapi. Tangu siku ile siutaki. Jimbo la Victoria kule Australia tangu Septemba 2021 wavu wa kufunika miti ya matunda nyumbani matundu yake yasizidi milimita 5 kwa 5 ukiwa umevutwa. Kipimo rahisi, kidole kikipita huo ni mtego. Afadhali uvalishe mifuko ya kitambaa yale machache unayotaka kula wewe, mengine waachie.

#12 MzeeWaWavu
Dada mi nilisema wavu sikusema matundu gani. Lakini sawa, nimekuelewa, na jina nabaki nalo.

#13 Kemia Mtaani
Mnazunguka. Swali sio kwanini popo wanakuja, ni kwanini ndege hawaji. Mi nasema ni sukari. Embe likiiva sukari yake kubwa ni sukrosi, hii hii ya mezani. Kuna koo za ndege, kwezi na ndugu zao, hawana kimeng'enya cha kuivunja, wakila nyingi wanaharisha. Wao wanataka glukosi na fruktosi, sukari nyepesi zisizohitaji kuvunjwa, ambazo ndo zimejaa kwenye forosadi na vitunda vingi vidogovidogo. Mwenye uzi amefungua duka la pipi kwa watu wasiokula pipi.

#14 Bi Shungi
Nadharia tamu ila inakufa ikifika kwenye mpera. Pera lina fruktosi na glukosi za kutosha na bado anasema linaoza chini. Na shore hayumo kwenye huo ukoo wa kwezi, yeye sukrosi anaimudu. Labda inaeleza kwanini kwezi hagusi embe, haielezi uwanja mzima kua mtupu.

#15 Macho Manne
Ni rangi na ukubwa. Ndege wengi wanatafuta matunda kwa macho, sio pua. Sisi tuna aina tatu za chembe za kuona rangi, wao wana nne, wanaona mpaka urujuanimno, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Ndo mana matunda mengi yanayosambazwa na ndege ni mekundu au meusi, madogo, ya kumeza mara moja. Popo anafuata harufu gizani, kwahiyo matunda yake yanabaki kijani au manjano yaliyofifia na yananukia mbali. Angalieni tena post ya kwanza: mapera, embe. Huyu kapanda menyu ya popo alafu analalamika popo wamekuja. Mzambarau ndo wa ndege, nao bado mtoto.

#16 Kijiti
Papai je? Shore wa kwangu wanaingia kwenye papai mpaka unaona mkia tu umebaki nje. Hilo nalo ni jekundu la kumeza mara moja?

#17 Macho Manne
Papai likishatobolewa ndani linawaka rangi ya chungwa, hapo kila mtu analiona. Kazi ni wa kwanza kutoboa. Mkuu kata moja lililoiva katikati, ligongomee kwenye nguzo ya juu, upande wa nyama uangalie nje. Likikaa siku tatu bila kuguswa ujue tatizo sio matunda.

#18 Kichaka Kwanza
Hapo kwenye mwisho wa #17 ndo kuna jibu. Jirani ana kichaka na ndege kajaa, mwenye uzi ana matunda na hana ndege, bado mnajadili sukari! Ndege mdogo hatui uwazi. Anataka mahali pa kusimama aangalie kwanza, kisha pa kukimbilia mwewe akipita. Matunda ni wiki chache kwa mwaka, siku nyingine zote anakula wadudu. Hata yule wa matunda, vifaranga vyake anavilisha wadudu kwasababu protini ya pera haitoshi kuotesha manyoya. Uwanja wako ukoje chini ya miti, kuna nyasi, kuna majani makavu?

#19 Kibarazani
Chini pasafi. Nafagia kila asubuhi, jani halilali. Miti nimepogoa matawi yote ya chini ili kuwe na hewa. Na kila baada ya wiki mbili napuliza dawa kwasababu ya wale inzi wa matunda.

#20 Dada Nuru
Unapuliza DAWA?

#21 Kijiti
Post ya kumi na tisa ndo anatuambia. Mkuu wewe ni mgonjwa unayemwambia daktari kichwa kinauma, baada ya vipimo vyote ndo unataja ulidondoka mtini.

#22 Kibarazani
Sikujua inahusiana jamani, matunda nilikua naweka kwa ajili yao, wadudu nilikua naua kwa ajili ya matunda.

#23 Kichaka Kwanza
Inahusiana sana. Kuna profesa wa Marekani, Doug Tallamy, anasema kindege kimoja cha kule chenye kofia nyeusi, uzito haufiki gramu 15, jozi moja inahitaji viwavi 6,000 mpaka 9,000 kukuza vifaranga vya kiota kimoja. Elfu sita! We umepuliza viwavi wote alafu unashangaa hakuna familia inayohamia. Kwa inzi wa matunda okota mapera yaliyodondoka uyafukie au uyafunge kwenye mfuko mweusi juani mpaka mabuu yafe, hiyo inapunguza bila kunyunyiza sumu.

#24 Bi Shungi
Ile hesabu ni ya aina moja ya ndege, kwenye misitu ya kule, usiibandike kwa kila ndege. Lakini hoja yenyewe sina ubishi nayo. Nina ubishi na hilo la "hatui uwazi". Kwangu hakuna kichaka na ninga wanatua kwenye mkuyu wa nyuma wengi tu, mti mzima unatikisika na bado humuoni hata mmoja kwa jinsi wanavyofanana na majani.

#25 Kichaka Kwanza
Mama, mkuyu wenyewe ni kichaka chenye mguu.

#26 Shina Tatu
Nilikua nasubiri mtu ataje mkuyu. Achana na mapera, panda mkuyu, mti wa jamii hiyo mmoja ukizaa unalisha hondohondo, ninga, shore, zuwakulu, kila mtu. Na aina nyingi hazifuati msimu mmoja, huu unazaa sasa, ule mwezi ujao, kwahiyo wakati matunda mengine hayapo yenyewe yapo. Shida ni nyigu wake, aina nyingi kila moja ina kinyigu chake kidogo kuliko mbu, jike anajipenyeza kwenye tundu la tini, yani tunda lake, mpaka mabawa yanakatikia mlangoni, anachavusha ndani na kutaga humohumo na kufia humohumo. Kama hakuna nyigu wa aina hiyo eneo lako, mbegu hazitungi na tini nyingi zinadondoka changa. Kwahiyo chukua aina iliyopo tayari karibu yako.

#27 ZamuYaUsiku
Shida ni nyigu? Shida ni mizizi mkuu! Wa kwetu ulipandwa hatua nne kutoka kwenye nyumba, ukaingia kwenye shimo la maji taka, tukashangaa mti unapendeza kuliko yote. Siku tunafungua mfuniko ndani kulikua kumejaa mizizi kama nywele za mtu, tukaikata kwa msumeno siku mbili. Uwanja wa hatua ishirini kwa kumi na tano mkuyu hauingii labda nyumba ndo itoke.

#28 Shina Tatu
Sikusema aupande dirishani.

#29 Mtembezi
Kama anataka kichaka cha haraka chenye vitunda aweke lantana, haihitaji hata maji, maua mazuri, vipepeo juu yake.

#30 Bi Shungi
Usithubutu. Lantana ni katika magugu mabaya kabisa duniani na wanaoisambaza ni haohao ndege, wanakula wanaenda kunya mbegu mashambani, na ng'ombe wakiila wanaugua ini. Hata mpera wenyewe kuna visiwa umeshakua gugu, Galápagos wanahangaika nao. Ndege hana mpaka, unachompa chakula uwani kwako kinaota kwa mwenzio. Aulize kwanza vichaka vya asili vya eneo lake.

#31 Mtembezi
Haya basi, parachichi?

#32 Dada Nuru
Parachichi lina kitu kinaitwa pesini, ndege wa kufugwa kama kasuku wadogo wanakufa nacho. Wa porini kule Amerika ya Kati kuna quetzal anameza maparachichi pori mazima na hafi. Lakini mi nisingeanza na huo.

#33 Kijiti
Uzi bila picha hauna nguvu. Mkuu tupia picha ya huo uwanja tuone usafi unaosifiwa.

#34 Kibarazani
[picha tatu] Hizo hapo, nimepiga leo jioni. Papai la kwenye nguzo ni siku ya tatu, ninachokiona juu yake ni sisimizi tu.

#35 ZamuYaUsiku
Picha ya pili. Nyuma ya ndoo ya bluu. Hicho ni nini?

#36 Kibarazani
Hapo? Huyo ni paka wetu.

#37 Kijiti
WAKUU. Nimecheka mpaka simu imedondoka. Papai limewekwa hapo, na mpokea wageni amekaa hapo.

#38 Dada Nuru
Huyu mwenye uzi anatoa siri kwa awamu. Kesho atasema na bunduki anayo. Mkuu paka wanaua ndege bilioni nne kwa mwaka, hujui hilo?

#39 Macho Manne
Rekebisho dogo dada. Makadirio ya mwaka 2013 yalisema bilioni 1.3 mpaka 4 kwa mwaka, na hiyo ni Marekani peke yake, na sehemu kubwa ni paka wasio na mwenyewe. Lakini paka wa nyumbani sio lazima aue, akikaa tu hapo ndege wanamkwepa. Mfungie ndani alfajiri na jioni, ndo saa za ndege kula. Na picha ya tatu naona mlango mkubwa wa kioo unaakisi miti, bandika vitu upande wa nje, alama kila sentimita 5 hivi, la sivyo watakaokuja watapasukia hapo.

#40 Kibarazani
Mwaka jana nilikuta chozi mmoja amekufa chini ya huo mlango. Nikajua ni uzee.

#41 Mama Vitalu
Nimesoma yote, kuna kitu hamjataja: maji. Huwezi kumwalika mgeni ukamnyima maji. Sinia la udongo, kina kisizidi sentimita 5, jiwe katikati la kusimama, badilisha kila siku mbu wasizaliane. Mi nilianza na sinia kabla mti haujazaa na ndege walikuja kwa maji, matunda wakayakuta baadaye. Na pilipili kichaa, panda hata miche mitano. Kapsaisini inayotuchoma sisi na panya, kwa ndege haiwashi, kipokezi chao, yani kile kinachohisi muwasho mwilini, hakiitambui. Kwa kazi ya kipokezi hicho mwanasayansi David Julius alipata nusu ya Nobel ya tiba 2021. Panya akionja anakimbia, ndege anameza na mbegu zinapita nzima.

#42 Kemia Mtaani
Nyekundu, ndogo, ya kumeza mara moja. Macho Manne atajisifu wiki nzima.

#43 Macho Manne
Nimeshaanza.

#44 ZamuYaUsiku
Narudi kwa popo kidogo. Usiwafukuze, wanapanda mbegu za miti usiku kuliko sisi mchana. Ila tunda lililong'atwa usile wala usimpe mtoto eti utakata upande mzuri. Ugonjwa wa virusi vya Nipah kule Malaysia 1998 na 1999 ulianzia kwa popo ukapita kwa nguruwe ukafika kwa watu. Sio kwamba kila popo anao, ila pera moja halina thamani hiyo.

#45 MzeeWaWavu
Sasa mbona kila mtu na lake? Ni mforosadi dume, ni sukari, ni rangi, ni kichaka, ni dawa, ni paka, ni maji. Afanye lipi?

#46 Mama Vitalu
Abadilishe moja moja asubiri wiki mbili mbili, ndo atajua.

#47 Kibarazani
Wakuu nimerudi, ni wiki tisa sasa. Najua mama wa #46 alisema moja moja ila sikuvumilia. Dawa niliacha siku ileile. Paka yupo ndani mpaka saa tatu asubuhi, analia kama ameonewa. Sifagii tena chini ya miti, majani yamelala, na nimeacha kona moja iote inavyotaka. Sinia la maji lipo. Kioo nimebandika. Jumanne nimekaa kibarazani nasikia sauti karibu, naangalia mipera hakuna, mwembe hakuna, papai jipya kwenye nguzo hakuna. Shore wawili wapo kwenye pilipili za mke wangu pale kwenye bomba, zimekuwepo tangu mwaka jana wala sikuwahi kuzihesabu kama mmea. Mmoja anachuma moja nyekundu anaigeuza mdomoni mpaka ikae sawa, anameza, anakaa kidogo amefumba macho, anachukua nyingine. Walikula sita. Tangu Jumanne wanakuja kila siku, na jana alikuja mwingine nisiyemjua mwenye mkia mrefu na kishungi, anatambaa matawini kama panya.

#48 Dada Nuru
Huyo kuzumburu, jiandae, wanatembea kundi na wanakula mpaka majani machanga. Na nilisema mimi, paka!

#49 Kichaka Kwanza
Ni kona iliyoachwa iote. Hebu angalia wanatokea upande gani.

#50 Mama Vitalu
Pilipili zilikuwepo mwaka mzima hawakuja. Sinia limekuja wamekuja. Sisemi zaidi.

#51 Kemia Mtaani
Pilipili haina sukari ya kuongelea kwahiyo mi naondoka kwenye uzi huu taratibu.

#52 Bi Shungi
Umebadilisha vitu sita kwa mpigo mwanangu, tutabishana hapa mpaka mzambarau uzae. Mke kasemaje kuhusu pilipili?

#53 Kibarazani
Amesema nipande zangu. Nimepanda.

#54 MpandaMiche
Na mforosadi?

#55 Kibarazani
Nimeuacha. Nimechomeka vipande vitatu vya mti unaozaa pembeni yake, viwili vimekauka, kimoja kina majani mawili, moja limeshaliwa na kiwavi na sijamgusa.

#56 Kijiti
Bi Shungi yule mwenye shoka alirudi?

#57 Bi Shungi
Mpaka leo.